Kiti cha Juu, Dirisha la Tatu

"Usinifanye mtoto, wifi." Tencha alikuwa ananong'ona, lakini mnong'ono wa Tencha hukata kuliko kelele za wenzake. "Mtu apande treni hii miaka kumi na tisa, halafu aniambie miguu ilimpeleka bila yeye kujua. Miguu ya nani?"

"Yangu."

"Basi miguu yako ina akili kuliko kichwa chako. Ilikuwa inakupeleka nyumbani."

Amparo akageukia dirisha. Nje giza la Februari lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuisha, na theluji ya kando ya reli ilikuwa imeshakuwa ya kijivu. Aliuona uso wake mwenyewe kwenye kioo, akaona umechoka, akaacha kuutazama.

Walikuwa wamekaa juu, kwenye roshani ya behewa la pili, magoti yanagusana, maana Tencha alikuwa amelisukuma egemeo la kiti chake likageukia nyuma ili wagombane uso kwa uso. Viti vya juu ni vya mtu mmoja mmoja. Viko safu moja kila upande na katikati ni uwazi. Ukichungulia unaona vichwa vya watu wa chini, wale wanaokaa wawili wawili. Amparo alipanda juu wiki moja baada ya kumzika Anselmo, mume wake, miaka minne iliyopita. Kabla ya hapo walikaa chini, yeye dirishani, Anselmo akimlalia begani kuanzia Aurora mpaka Chicago mjini. Wiki ile ya kwanza mwanamume mmoja aliomba radhi, akaketi pale pa Anselmo, akafungua gazeti. Hakuwa na kosa lolote. Amparo aliinuka, akapanda ngazi, na tangu siku hiyo hakukaa chini tena.

Tencha, dada yake Anselmo, alimfuata juu. Hakuulizwa na hakuuliza. Walikuwa wakiishi nyumba moja na mama mkwe, wakitoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni, na watu wa treni walidhani ni ndugu wa tumbo moja.

"Na watu walikuwa wanakungoja," Tencha akaendelea. "Siku ya tamale. Siku nyingine zote hazikuonekana?"

Hilo walikuwa wameshalizungumza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ijumaa ilikuwa Candelaria, sikukuu ya mishumaa, na kwao, atakayekuta kidoli kilichofichwa ndani ya mkate wa sikukuu ya Wafalme, wale Mamajusi, mwezi wa kwanza ndiye atakayewapikia wote tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, Februari. Mwaka huu kidoli kilimwangukia Amparo. Yeye si mtu wa kushindwa na ratiba. Alizipika Alhamisi, sufuria mbili, akamwachia mama mkwe maagizo ya kuzipasha moto, ili jioni ya Ijumaa apande treni ya kila kituo, ashuke Westmont, ale nyumbani kwa Kazik, mwanamume anayepanda naye treni asubuhi, na mama yake, na saa mbili awe amefika Aurora kula tena. Siku hiyo hiyo Wapolandi nao wana sikukuu yao ya mishumaa. Kazik alipomwalika, kila mmoja alidhani tarehe ile ni ya kwao peke yao, na walicheka sana walipogundua.

Halafu jioni ikafika, na Tencha akamkuta kwenye ngazi za umeme za Stesheni ya Union, akamshika mkono, akaanza kumsimulia jinsi bosi wake alivyojifungia stoo na kupiga mlango nusu saa. Amparo akacheka. Alicheka huku anatembea, na miguu ikafanya inachofanya kila jioni: kushoto kwenye nguzo, jukwaa la kumi, behewa la pili, ngazi, dirisha la tatu. Alikuja kushtuka treni inapita Cicero na haipunguzi mwendo. Ilikuwa ni ile ya moja kwa moja, isiyosimama popote mpaka Naperville. Ilipofika Westmont ilipapita kama ilivyovipita vituo vyote. Aliona taa, koti la kahawia, kitu cheupe mkononi mwa mwenye koti. Sekunde mbili.

Alimwandikia: samahani, nimepanda treni siyo. Kazik akajibu: sawa. Hakuongeza neno. Amparo alilala na hilo sawa usiku tatu mfululizo.

"Tena ungetaka kurudi ungeshuka Naperville," Tencha akasema. "Nani alikushika sketi?"

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Pale Naperville mlango ulifunguka, ukakaa wazi dakika nzima, na yeye akabaki ameketi kwa aibu kama mwanafunzi aliyechelewa ambaye anaona afadhali asiingie kabisa darasani.

"Wewe hukutaka niende," akasema.

"Sikutaka. Nimekataa? Lakini sikukufunga kamba."

"Ulisema Mungu ameamua."

"Nilisema. Na wewe ukakubali haraka haraka, wala hukumuuliza Mungu mara ya pili."

Kivuli kikasimama chini yao. Alikuwa kondakta, Bwana Ruffin, mzee mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Lile lilikuwa behewa la kimya, na kondakta wa behewa la kimya hamkaripii mtu, humpa kadi. Alinyoosha mkono juu na kuwapa moja, ndogo, yenye maandishi ya adabu ya kuwaomba wapunguze sauti. Kwa miaka kumi na tisa Amparo hakuwahi kupewa kadi ile. Aliipokea kwa vidole viwili. Watu wa chini walijifanya wanasoma.

Wakanyamaza mpaka Westmont.

Kazik alipanda kama siku zote, mlango wa kati, begi la vifaa begani, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa haijui pa kukaa. Alipanda ngazi za roshani ya ng'ambo. Kiti chake kilikuwa kikitazamana na cha Amparo, na katikati yao palikuwa na ule uwazi tu. Mwaka mzima walikuwa wakitazamana hapo kabla hawajajuana majina. Yeye ndiye aliyeanza kuinua kikombe. Amparo, baada ya miezi miwili ya kujifanya haoni, akainua chake.

Leo Kazik alisimama mbele ya kiti, akashika egemeo, akalisukuma mpaka likagonga upande wa pili. Akaketi. Sasa alikuwa amempa mgongo.

Tencha aliona. Alifungua mdomo, akautazama mgongo ule, akamtazama Amparo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaufunga bila kusema kitu. Kisha akatoa kwenye mkoba mkate mtamu uliofungwa kwenye karatasi, akauweka mapajani mwa wifi yake. Amparo hakuugusa.

Kutoka Stesheni ya Union mpaka kituo cha chini ya ardhi cha Clinton ni mwendo wa dakika tano hivi. Kwa kawaida walitembea pamoja, Amparo na Kazik, huku Tencha akienda zake upande wa mtoni kazini kwake. Leo Amparo alitembea hatua ishirini nyuma ya koti la kahawia. Hakumkimbilia. Alijua pa kumpata.

Pale Clinton jukwaa ni moja, reli ziko pande mbili. Treni za upande mmoja humpeleka Amparo hospitali, anakofanya kazi kwenye ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa. Za upande wa pili humpeleka Kazik katikati ya mji, kwenye majengo ya zamani ambako hutengeneza lifti. Ndipo walipoanza kuzungumza, Oktoba, Kazik alipomwambia, "Wewe ni dirisha la tatu," naye akamjibu, "Na wewe ni mtu wa kahawa inayomwagika." Tangu hapo waliongea mpaka treni ya mmoja wao ije. Siku moja ya Novemba treni ya Kazik ikaja, naye hakupanda. Wiki iliyofuata Amparo akaiacha ya kwake. Hawakuwahi kuambiana kitu kikubwa, walihesabu treni. Mbili, siku nyingine tatu. Kabla ya Krismasi waliziacha nne, na Amparo akafika kazini amechelewa kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Sasa alikwenda akasimama mbele yake.

"Kazik."

"Habari za asubuhi, Amparo." Vile vile angemsalimia mtu wa kaunta ya benki.

"Nilipanda treni siyo."

"Uliniandikia."

"Ndiyo ukweli wenyewe."

"Mimi nina miaka sita tu kwenye reli ile, na naweza kuipanda usingizini."

"Ndicho kilichotokea. Niliipanda usingizini."

Kazik nusura atabasamu. Amparo aliona tabasamu likija mpaka kwenye pembe ya mdomo, likageuka likarudi lilikotoka.

"Nilikuona," akasema. "Juu, dirisha la tatu. Ulikuwa unacheka."

Amparo alitaka kukana, na hakuweza. Alikuwa amecheka kweli. Si pale, pale Westmont alikuwa amesimama dirishani. Lakini alikuwa amecheka kwenye ngazi za umeme, akacheka jukwaani, akacheka wakati anavua skafu, na sasa hakuwa na uhakika kicheko kiliisha kwenye kituo gani. Kimya chake kikamhukumu.

Kazik aliendelea kwa sauti ya chini, bila hasira, na bora angekuwa na hasira. Alimweleza kwamba alitoka kazini mapema, akanunua maua meupe, akasimama jukwaani dakika arobaini kwa sababu hakutaka Amparo afike akute hakuna mtu. Kwamba mama yake alibeba mshumaa uliobarikiwa kanisani, akauwasha, akauweka dirishani, na alipoambiwa mgeni haji aliuliza kama anaumwa.

"Nikamwambia ndiyo, unaumwa. Nimemdanganya mama yangu, ana miaka themanini na moja, kwa sababu ya mtu aliyenipita anacheka."

"Sikukupita."

"Treni ilinipita. Wewe ulikuwa ndani."

Amparo akayashusha macho kwenye begi la vifaa.

Kisha akamwambia lililobaki. Kampuni yake ilikuwa imefungua karakana Waukegan, mbali kaskazini. Walimtaka tangu vuli, na alikuwa amekataa, akisingizia mama. Jumamosi alimpigia bosi amtunzie nafasi. Fomu alikuwa nayo begini. Kesho asubuhi atatia sahihi, na kesho kutwa ataanza kwenda huko kwa gari.

"Kwa hiyo treni..."

"Kwa hiyo treni basi," Kazik akasema.

Upepo ukaanza kutoka kwenye shimo, kwanza baridi kwenye vifundo vya miguu, halafu kelele, halafu taa. Ilikuwa treni ya kwenda mjini. Amparo alimtazama. Ya kwanza siku zote Kazik aliiacha; hata siku aliyokuwa na homa aliiacha. Milango ikafunguka. Kazik akavuta mkanda wa begi, akatikisa kichwa kidogo kuaga, akaingia. Alisimama katikati ya watu, ameshika bomba, akiangalia matangazo ya juu ya dirisha kana kwamba yalikuwa na jambo jipya.

Treni ikaenda naye.

Ya Amparo ikaja dakika mbili baadaye. Akaiacha. Akaiacha na iliyofuata. Alikuwa amesimama pale pale, mahali pao karibu na nguzo yenye kigae kilichopasuka, akiacha treni zipite peke yake, na hakukuwa na mtu wa kuachiana naye. Ya tatu alipanda kwa sababu kazi ni kazi.

Siku hiyo aliingiza mafaili mia na kumi. Mwenzake wa meza ya pili alimuuliza kama kuna msiba. Akasema hapana. Mchana alikula mkate wa Tencha amesimama kwenye dirisha la ghorofa ya sita, akiangalia treni zikipita katikati ya barabara kuu, upande huu na upande ule, zimejaa watu waliojua wanakokwenda.

Jioni, saa kumi na moja kasoro robo, miguu ilimpeleka tena: kushoto kwenye nguzo, jukwaa la kumi, behewa la pili, ngazi. Safari hii aliitazama ikimpeleka. Tencha alikuwa ameshafika, na koti lake lilikuwa juu ya kiti cha Amparo. Ndiyo sheria ya watu wa treni ile: koti likilala kitini, kiti kina mwenyewe, na hata mgeni anajua asiguse.

"Nimekuwekea," Tencha akasema.

Amparo akaketi, koti likiwa mapajani. Lilikuwa la joto. Tencha alianza kumweleza kwamba mama ametoa supu ya mahindi kwenye friza, na kwamba Jumamosi waende kumtafutia viatu, kwa ile sauti ya mtu anayemwekea mgonjwa mto. Hakumtaja Kazik. Ilikuwa huruma, na Amparo alijua ni huruma, na aliona wazi jinsi jioni zote zitakavyokuwa kuanzia hii: supu, viatu, dirisha la tatu, Westmont ikipita sekunde mbili kila siku ya kazi mpaka astaafu. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alipiga hesabu, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, akapata miaka kumi na minane.

Ng'ambo ya jukwaa, treni ya kila kituo ilikuwa imesimama, milango wazi. Ile huondoka saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Yao, ya moja kwa moja, huondoka robo saa baadaye na kuipita njiani.

Akainuka. Akalikunja koti, akamrudishia mwenyewe.

"Unakwenda wapi?"

"Westmont."

"Treni hii haisimami Westmont."

"Najua. Leo najua."

Tencha alimshika mkono wa koti. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tatu, hakuwahi kuolewa, na katika kugombana kote kwa siku tatu alikuwa hajalisema hili. Alilisema sasa, kwa kunong'ona, ndani ya behewa la kimya.

"Na mimi nitakaa na nani, Amparo? Anselmo alishuka. Na wewe unashuka. Mimi ndiye ninayebaki na koti."

Amparo aliweka kiganja chake kwenye shavu la wifi yake, akakiacha hapo kwa pumzi moja. Kisha akashuka ngazi, akatoka, akavuka jukwaa, na milango ya ile nyingine ikafungwa nyuma ya kisigino chake.

Hakupanda juu. Alikaa chini, kiti cha wawili, upande wa dirisha, na nafasi iliyokuwa pembeni yake ilionekana kubwa kama chumba. Treni ilisimama kila mahali. Kwa miaka kumi na tisa vituo hivi vilikuwa kwake michirizi ya taa. Sasa kila kimoja kilikuwa na ngazi, na duka la maua, na mtu anayengojwa. Pale Berwyn mwanamume mwenye mfuko wa vitunguu aliomba radhi, akaonyesha nafasi ile.

"Karibu," Amparo akasema, akasogea. Mtu yule aliketi. Alinuka vitunguu, akasinzia, akashuka La Grange bila kujua alichokifanya.

Westmont kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Watu walishuka, wakatawanyika kwenye magari yao, na dakika tatu baadaye jukwaa lilikuwa lake peke yake. Kazik hakuwamo treni ile. Yeye hutoka kazini saa kumi na moja. Amparo alitafuta mahali Kazik aliposimama Ijumaa, chini ya taa, karibu na kibanda. Akasimama hapo. Akaweka mikono makwapani.

Kisha reli zikaanza kuimba, na treni yake ikaja.

Ilikuja kwenye reli ya kati, ndefu, na alijiandaa kumtafuta Tencha. Alijua behewa, alijua dirisha. Alikaza macho. Ikapita. Ilikuwa ukuta wa mwanga, mkanda mmoja mrefu wa njano, na theluji iliyoruka usoni mwake. Hakuona dirisha la tatu wala la kwanza. Hakuona uso hata mmoja. Taa nyekundu za nyuma zikaenda zikipungua kuelekea Naperville, na Amparo akabaki ameduwaa, mdomo wazi, baridi ikimwingia kwenye meno.

Kumbe Kazik hakumwona. Hakuna mtu angeweza kumwona mtu. Alisimama hapa dakika arobaini na maua mkononi, akiogopa, na treni ilipopita alichokiona ni kile alichokuwa anakiogopa.

Simu ikatikisika. Ni Tencha, ndani ya behewa la kimya haongei, anaandika. "Koti nimelirudisha kwenye kiti chako. Nimwambie nini mama?"

Amparo hakujibu. Hakuwa tayari.

Alingoja. Miguu iliuma, halafu ikaacha kuuma, jambo lililo baya zaidi. Ikaja treni ya kila kituo nyingine, ikashusha watu, na wa mwisho kushuka alikuwa mtu mrefu mwenye begi la vifaa. Alimwona chini ya taa na kusimama ghafla, mtu wa nyuma yake akamgonga.

"Umefikaje hapa?" Kazik akauliza.

"Kwa treni sahihi. Njoo usimame hapa."

"Amparo, una midomo ya buluu."

"Simama hapa kwanza. Inakuja nyingine ya moja kwa moja. Nitajie uso mmoja tu utakaouona ndani yake. Mmoja. Ukiutaja, naondoka."

Alikuja kwa sababu alikuwa mtu wa kuja anapoitwa. Walisimama bega kwa bega kama watu waliokaa kiti cha wawili. Treni ikatokea, ikapiga honi, ikapita na ukuta wake wa mwanga, na Amparo hakuitazama. Alimtazama Kazik akitazama. Aliona macho yake yakikimbizana na madirisha, yakishika, yakikosa, yakishika tena, yakikosa. Treni iliisha. Kazik akabaki akiangalia mahali ilipokuwa.

"Sikukuona," akasema.

"Najua."

"Niliapa kwamba nilikuona. Nilimwambia hata mama, jana, nilipomwambia ukweli."

"Nilicheka kweli, mjini, kabla sijajua niko wapi. Tulipopita hapa nilikuwa nimesimama. Na pale Naperville ningeweza kushuka nirudi, na sikushuka. Hilo ndilo kosa langu. Nilipe hilo, si lile la kucheka."

Kazik aliondoa skafu yake, akamzungusha nayo shingoni, akaifunga vibaya. Mikono ile ilikuwa imepata pa kukaa.

"Fomu ile," Amparo akasema ndani ya sufu, "usiache kuitia sahihi kwa sababu yangu. Kama kazi unaitaka, itie."

"Siitaki. Waukegan wana majengo ya ghorofa tatu. Nani anahitaji lifti?" Akachukua begi lake. "Mama aliyagandisha yale maandazi ya viazi ya Ijumaa. Alisema mgonjwa huwa anapona."

Wakaanza kutembea. Walipofika pembeni ya stesheni Amparo akamwomba asimame kidogo. Alivua glovu kwa meno, akatoa simu. Ujumbe wa Tencha ulikuwa bado pale, na koti ndani yake, na kiti. Alimfikiria akishuka Aurora peke yake, ameshika koti mkononi ingawa kuna baridi. Vidole vilikuwa vigumu. Aliandika polepole, bila kufuta kitu.

"Mama mwambie ukweli, nakula Westmont, nitarudi. Kesho kiti cha juu mwachie mtu mwingine. Wewe kaa chini, sukuma egemeo la kiti cha mbele litazamane na chetu, uweke koti. Westmont anapanda mtu. Tutakuwa watatu."

Akabonyeza, ukaenda.